Kulandanisha Picha Mbili za Jicho Moja

Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti wa macho, akiwemo daktari Wanjiku Mathenge, walizunguka wilaya ya Nakuru kama ilivyokuwa wakati huo, mjini na mashambani, wakiwapima watu wa miaka 50 na zaidi. Walifika katika sehemu 100 na kuwapima watu 4,414. Mojawapo ya vipimo ilikuwa picha ya ndani ya jicho, kule nyuma kabisa ambako mwanga huangukia. Mwaka 2013 na 2014 kazi hiyo ilirudiwa, safari hii ikiongozwa na daktari Andrew Bastawrous wa London School of Hygiene & Tropical Medicine, kwa nia ya kuwapata watu wale wale. Haikuwa kazi nyepesi. Miaka sita ni mingi kwa mzee, na katikati yake palikuwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliwahamisha wengi kutoka makwao. Hata hivyo zaidi ya watu 2,000 walipatikana, wakapimwa na kupigwa picha tena.

Basi tuchukue jozi moja ya namna hiyo: jicho moja, picha mbili, miaka sita kati yake. Swali la daktari ni fupi. Ni nini kimebadilika?

Mtu anaweza kufikiri kwamba jibu litapatikana kwa kuweka picha moja juu ya nyingine na kutazama zinapotofautiana. Akifanya hivyo ataona kwamba karibu kila kitu kimetofautiana. Mara ya kwanza mgonjwa aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, mara ya pili alikaa wima. Mara ya kwanza alitazama juu kidogo, mara ya pili chini. Taa ya kamera moja ilikuwa kali kuliko ya nyingine. Hakuna ugonjwa katika hayo yote, lakini yote yanajitokeza kama tofauti, na tofauti moja ya kweli, pengine nukta ndogo ya damu, imezama humo ndani isionekane.

Anayeishi Nakuru analo jambo la kulinganisha na hili. Akisimama ukingoni mwa kreta ya Menengai na kutazama kusini, ataliona ziwa Nakuru ng'ambo ya mji. Ziwa hilo limepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, hata lango kuu la zamani la mbuga likamezwa na maji. Tuseme mtu ana picha mbili za ziwa alizopiga kutoka Menengai, moja ya zamani na moja ya juzi, na anataka kuonyesha maji yamesogea kiasi gani. Hakusimama pale pale mara zote mbili, wala hakushika kamera kwa namna ile ile. Hawezi kuanza na ufuko, kwa sababu ufuko ndio unaoulizwa. Ataanza na vilima vilivyo nyuma ya ziwa. Vilima havikuhama. Atasogeza na kuzungusha picha moja mpaka kilima kiangukie kilima, na hapo ufuko utajieleza wenyewe.

Kazi hiyo ndiyo kulandanisha picha. Kulandanisha ni kutafuta kanuni moja ya hesabu inayochukua kila mahali katika picha ya kwanza na kupaonyesha mahali pake katika picha ya pili. Vitu visivyobadilika ndivyo vinavyotupa kanuni. Vilivyobadilika husubiri.

Je, vilima vya jicho ni vipi? Ukuta wa nyuma wa jicho umefunikwa na utando mwembamba unaohisi mwanga, unaoitwa retina. Upande ulio karibu na pua pana duara la rangi ya manjano hafifu, upana wake takriban milimita 1.8, ambako neva ya jicho hutokea kuelekea kwenye ubongo. Tuliite duara la neva. Kutoka hapo mishipa ya damu hutandaa juu ya retina kama matawi ya mgunga, ikigawanyika na kugawanyika tena. Kila mahali mshipa unapogawanyika tutapaita panda, kama tunavyosema njia panda. Mchoro huu wa mishipa haufanani kwa watu wawili. Madaktari wawili wa Marekani, Carleton Simon na Isadore Goldstein, waliandika mwaka 1935 kwamba unaweza kumtambulisha mtu kama alama za vidole zinavyomtambulisha. Mishipa inaweza kunenepa au kukonda kidogo kwa miaka, lakini panda zake hubaki pale pale. Hizo ndizo vilima vyetu.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kompyuta haioni mshipa wala duara. Kwake picha ni jedwali la namba. Kila chumba cha jedwali kinaitwa pikseli, na namba iliyomo ni kiasi cha mwanga: 0 ni giza tupu, 255 ni mwangaza wa juu kabisa. Kila pikseli ina anwani ya namba mbili, ya kwanza ikihesabu kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili ikihesabu kutoka juu kwenda chini. Anwani (100, 40) maana yake ni hatua 100 kulia na hatua 40 chini. Picha ya rangi ni majedwali matatu yaliyopangwa pamoja: la nyekundu, la kijani na la buluu.

Kwa picha ya retina, jedwali la kijani ndilo bora. Chembe zinazoipa damu rangi yake humeza mwanga wa kijani kwa wingi, kwa hiyo katika jedwali hilo mishipa huonekana myeusi na kingo zake ni safi. Katika nyekundu mishipa hufifia, na buluu mara nyingi ni giza lenye chengachenga. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi ni kuchukua jedwali la kijani na kuyaweka mengine kando.

Hesabu zitakazofuata zinaweza kuandikwa na mtu mmoja mwenye subira, lakini hana haja. Zimekwisha kuandikwa. Mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyoandikwa na kujaribiwa, ambavyo mwingine anaweza kuviita avitumie katika programu yake, huitwa maktaba ya programu. Kwa kazi za picha, inayotumika zaidi ni OpenCV. Ilianzishwa na Gary Bradski mwaka 1999 katika kampuni ya Intel, na tangu mwanzo ilitolewa bure pamoja na maandishi yake yote, yeyote ayasome na kuyarekebisha. Hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani na hata kwenye simu. Mwanafunzi wa Njoro au Gilgil mwenye bando anaipata ile ile anayoitumia mhandisi wa Tokyo, na hilo ni jambo kubwa kwa sayansi ya mahali kama hapa.

Tuanze na mwendo ulio rahisi kabisa, kusogeza. Chukua mstari mmoja wa pikseli tano katika picha ya kwanza, wenye mshipa mweusi katikati:

150 150 60 150 150

Na mstari huo huo katika picha ya pili, ambako jicho lilisogea hatua moja:

150 150 150 60 150

Toa namba za mstari mmoja kutoka kwa namba za mwingine, chumba kwa chumba. Tofauti zinatokea mahali pawili, 90 kila pamoja, moja hasi na moja chanya. Ili hasi na chanya zisifutane, kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe: 8,100 na 8,100, jumla 16,200. Sasa sogeza mstari wa pili hatua moja kushoto kisha utoe tena. Jumla inakuwa 0. Kompyuta inayojaribu kila hatua na kuchagua ile yenye jumla ndogo kabisa imelandanisha mistari miwili. Wazo zima la kulandanisha limo humu: pendekeza mwendo, pima kosa, tafuta mwendo wenye kosa dogo kuliko yote.

Lakini taa. Tuseme taa ya pili ilikuwa kali zaidi na kila pikseli imepanda kwa 20, hivyo mstari wa pili unasomeka 170 170 170 80 170. Ukisogeza hatua ile ile iliyo sahihi, kila pikseli bado inatofautiana kwa 20, na jumla kwa pikseli nne zinazolaliana ni 1,600 badala ya 0. Mwendo ni sahihi ila kipimo kinalalamika. Tiba yake ni kutafuta kwanza wastani wa kila mstari na kuuondoa, ili tulinganishe umbo badala ya ukali wa taa. Wastani wa pikseli nne za kwanza ni 127.5, wa nne za pili ni 147.5. Ukiondoa kila mmoja kwa wake, mistari miwili inakuwa kitu kimoja na jumla inarudi 0. OpenCV inayo amri inayopima kwa njia hii pana zaidi, ambayo haisumbuliwi na mwangaza wala na ukali wa rangi.

Kusogeza peke yake hakutoshi. Kichwa huinama, kwa hiyo pana kuzungusha. Kamera mbili hazikuzi sawa, kwa hiyo pana kubadili ukubwa. Na katika Nakuru kamera hazikuwa za aina moja daima. Utafiti wa pili ndio uliojaribu Peek, programu ya simu ya kupima macho, pamoja na kifaa cha kubandika kwenye kamera ya simu ili kupiga picha ya duara la neva. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyesafiri barabara za mashambani: kamera kubwa ya hospitali ni nzito, inataka umeme, na sehemu nyingi zilizofikiwa hazikuwa na umeme. Simu inaingia mfukoni. Lakini picha ya simu na picha ya kamera kubwa haziwezi kuwekwa moja juu ya nyingine bila kubadili ukubwa kwanza.

Miendo hiyo mitatu inatajwa kwa namba nne tu: hatua za kulia, hatua za chini, pembe ya kuzungusha, na kiasi cha kukuza. Ili kuzipata zote nne inatosha kujua mahali pa panda mbili katika picha zote mbili. Tufanye hesabu hiyo kwa mkono, kwa sababu mtu akiifanya mara moja hataiogopa tena.

Katika picha ya kwanza, panda A iko (100, 100) na panda B iko (200, 100). Kutoka A kwenda B ni hatua 100 kulia na 0 chini, kwa hiyo umbali ni 100. Katika picha ya pili tunaikuta A kwenye (130, 90) na B kwenye (226, 118). Kutoka A kwenda B sasa ni hatua 96 kulia na 28 chini. Umbali wa mstari ulioinama hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras: 96 mara 96 ni 9,216, 28 mara 28 ni 784, jumla ni 10,000, na kipeo chake cha pili ni 100. Umbali haukubadilika, basi ukubwa ni ule ule. Kama ungetoka 120, tungejua picha ya pili imekuzwa mara 1.2. Mstari uliokuwa umelala sasa umeteremka hatua 28 kwa kila 96, yaani umezunguka takriban digrii 16 kwa kufuata mshale wa saa.

Tumepata kanuni. Ili kuitumia kwa panda yoyote, pima kwanza iko wapi ukihesabu kutoka A. Ikiwa ni hatua x kulia na y chini, katika picha ya pili itakuwa hatua 0.96x kutoa 0.28y kulia, na 0.28x kuongeza 0.96y chini, ukihesabu kutoka A mpya. Jaribu kwa panda C iliyoko (100, 200). Kutoka A ni hatua 0 kulia na 100 chini. Kanuni inatabiri hatua 28 kushoto na 96 chini, yaani (102, 186). Sasa tazama picha ya pili. Kama kweli pana panda kwenye (102, 186), kanuni imepata shahidi. Kama hapana kitu, aidha jicho limebadilika hapo, au A na B zetu hazikuwa panda zile tulizodhani.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha ugumu. Sisi tulipewa A na B. Kompyuta hupewa na nani? Ni lazima izitafute yenyewe, na itakosea.

Kwanza hutafuta alama bainifu, yaani pikseli ambayo ukisogea kutoka hapo upande wowote mandhari hubadilika. Katikati ya mshipa ulionyooka si alama bainifu, kwa kuwa ukiteleza kufuata mshipa huoni mabadiliko. Kwenye panda, kila upande ni tofauti. Kisha kila alama huandikiwa maelezo. Njia mojawapo iliyomo katika OpenCV, inayoitwa ORB na iliyotolewa mwaka 2011, huuliza maswali 256 kuhusu jozi za pikseli zilizo jirani na alama: je, hii ni nyeusi kuliko ile? Jibu ni ndiyo au hapana, 1 au 0. Taa ikiongezeka, pikseli zote mbili hupanda pamoja na jibu halibadiliki. Maelezo ya alama moja ni mfuatano wa majibu 256, na alama mbili hulinganishwa kwa kuhesabu majibu mangapi yamepishana. Yakipishana machache, huenda ni panda moja iliyoonwa mara mbili. Njia ya zamani zaidi, SIFT ya David Lowe, hufuata wazo la jirani na hilo kwa hesabu nzito zaidi, na kwenye retina, ambako mishipa ni hafifu, mara nyingi hustahimili vizuri zaidi.

Neno la kuzingatia hapo ni huenda. Panda nyingi za retina zinafanana, na si ajabu nusu ya jozi zilizopendekezwa kuwa za uongo. Wastani wa jozi zote hautasaidia, kwa kuwa jozi moja iliyopotoka mbali huuvuta wastani mzima. Mwaka 1981 Martin Fischler na Robert Bolles walitoa njia ambayo inafanana na baraza la wazee kuliko hesabu ya wastani. Inajulikana kama RANSAC. Chagua jozi mbili kwa kubahatisha, pata kanuni kutokana nazo kama tulivyofanya kwa A na B, kisha uziulize jozi nyingine zote: mnakubaliana na kanuni hii? Hesabu wanaokubali. Rudia na jozi nyingine mbili. Kanuni iliyotokana na uongo haipati mashahidi, kwa sababu waongo hawakupatana kabla. Kila mmoja amepotoka kivyake. Ya kweli hupata mashahidi wengi kwa mara moja. Kama nusu ya jozi ni za kweli, nafasi ya kuchagua mbili za kweli kwa mara moja ni robo. Ukirudia mara 20, nafasi ya kuzikosa mara zote ni robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, nayo ni zaidi kidogo ya 3 katika 1,000. Kompyuta hurudia maelfu ya mara kabla mtu hajakaa vizuri kitini.

Mashahidi hao wana faida ya pili ambayo si ya kupuuzwa. Katika utafiti wa watu maelfu, faili huweza kuchanganywa: jicho la kulia likaandikwa la kushoto, au picha ya mzee mmoja ikawekwa chini ya namba ya mwingine. Kwa kuwa mchoro wa mishipa haufanani kwa watu wawili, jozi ya picha inayokataa kabisa kulandana, yenye mashahidi wanne au watano katika mamia, yafaa irudishwe kwa mtunza kumbukumbu kabla ya kufikishwa kwa daktari.

Hapa pana mtego ambao lazima niukalie kidogo, kwa sababu humnasa karibu kila anayeanza. Picha ya retina ni duara angavu ndani ya mraba mweusi. Ukingo wa duara hilo ndio mstari ulio wazi kuliko yote katika picha nzima, wazi kuliko mshipa wowote. Lakini si sehemu ya jicho. Ni kivuli cha kamera. Popote mgonjwa atakapotazama, ukingo hubaki pale pale katika jedwali. Programu isiyoonywa itapata alama zake nyingi kwenye ukingo, zitapatana zote kwa uaminifu mkubwa, na zitatoa hukumu kwamba jicho halikusogea hata hatua moja. Mashahidi ni wengi na hukumu ni ya uongo. Vivyo hivyo tarehe iliyochapishwa pembeni mwa picha, na vumbi lililo kwenye lenzi. Dawa yake ni kuchora barakoa, jedwali la pili lenye 0 mahali pasipotakiwa na 255 mahali pa retina, lililofinywa ndani kidogo kutoka ukingoni, na kuiambia maktaba itafute alama ndani ya barakoa tu. Ni mistari miwili mitatu ya programu. Kabla ya kuamini jibu lolote, chora alama zilizotumika juu ya picha na uzitazame kwa macho yako: je, zimekaa kwenye mishipa?

Kanuni ikishapatikana, kazi iliyobaki ni kuichora upya picha ya pili katika mkao wa ya kwanza. Njia inayokuja kichwani haraka, kuchukua kila pikseli ya picha ya pili na kuipeleka mahali pake papya, huacha mashimo, kwa sababu anwani mpya huja na desimali na baadhi ya vyumba havipati mgeni. Kwa hiyo hufanywa kinyume. Tunaandaa jedwali tupu, tunasimama kwenye kila chumba chake na kuuliza: wewe umetoka wapi? Jibu likiwa kati ya pikseli mbili, tuseme robo ya njia kutoka yenye 80 kwenda yenye 120, tunaandika 90. Hakuna chumba kinachobaki kitupu. Ila gharama ipo: kila ukichanganya majirani hivyo, picha hulainika kidogo, na nukta ndogo hupoteza ukali. Kwa sababu hiyo picha huchorwa upya mara moja tu, kutoka kwenye ile ya asili, na ya asili hutunzwa bila kuguswa.

Kufikia hapa tumeichukulia retina kama karatasi iliyolala mezani. Sivyo ilivyo. Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha takriban milimita 24, na retina imetanda ndani yake kama rangi ndani ya bakuli. Kamera inayoonyesha digrii 45 hubapisha mpindo huo, na mgonjwa akitazama upande mwingine mpindo hubapishwa kwa namna nyingine. Namba nne zikilandanisha katikati, kingo hupishana. Hivyo wataalamu wa retina hutumia kanuni yenye namba 12, iliyo na x mara x, y mara y na x mara y ndani yake, ambayo inaweza kufuata mpindo. Inahitaji angalau panda sita badala ya mbili. OpenCV haina amri moja ya kazi hiyo. Mwandishi hutafuta namba 12 mwenyewe kutokana na mashahidi, kisha huikabidhi maktaba jedwali la anwani, nayo huchora.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusiende mbele zaidi, tukaruhusu kila kipande cha picha kivutwe kivyake mpaka kila kitu kilingane? Njia hizo zipo, na kwa viungo vinavyojikunja kama mapafu zina kazi yake. Kwa swali letu naziona ni za hatari. Fikiria duara la neva. Katikati yake pana kishimo, na katika ugonjwa wa presha ya macho, unaoitwa pia glakoma, kishimo hicho hupanuka polepole jinsi nyuzi za neva zinavyokufa. Daktari analinganisha picha mbili hasa ili aone kupanuka huko. Programu yenye uhuru wa kuvuta kila kipande itakiona kishimo kipana, itakihesabu kama kosa la kulandanisha, na itakivuta mpaka kilingane na kile cha miaka sita iliyopita. Kipimo cha kosa kitashuka. Picha zitafanana vizuri sana. Na ugonjwa utakuwa umefutwa na chombo kilichowekwa ili kuufichua. Kanuni ngumu yenye namba 12 haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu haiwezi kupinda kishimo bila kupinda mishipa yote inayokizunguka, na mishipa itakataa.

Kulandana kukoje basi kunatosha? Jibu lisitolewe kwa pikseli bali kwa kitu kinachotafutwa. Ikiwa duara la neva la milimita 1.8 limechukua pikseli 180, kila pikseli ni sehemu moja ya mia ya milimita. Dalili ya awali ya kisukari machoni ni vivimbe vidogo vya mishipa, vinavyoonekana kama nukta nyekundu, ambavyo huhesabiwa kuwa chini ya milimita 0.125. Kwa picha hiyo nukta ya namna hii ina upana usiozidi pikseli 12. Ukilandanisha kwa kosa la pikseli 10, nukta moja ya zamani itaonekana kama mbili: iliyopotea na iliyozaliwa jirani yake. Kwa kosa la pikseli 1 au 2, nukta hukaa juu ya nafsi yake. Kosa lenyewe lipimwe kwa panda ambazo hazikutumiwa kutafuta kanuni, zilizowekwa kando tangu mwanzo, maana kanuni iliyojipimia kwa mashahidi wake yenyewe itajisifu daima.

Picha nyingine za hospitali hufuata mawazo haya haya, kwa tahadhari. Picha za eksirei na za mashine ya CT hutunzwa katika faili za aina iitwayo DICOM, ambazo OpenCV haizisomi yenyewe. Hufunguliwa kwa maktaba nyingine kwanza. Picha za CT zina kina pamoja na upana na urefu, na kwa hizo maktaba ya ITK, iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa fedha za maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, inafaa zaidi. Faili za DICOM hubeba pia jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na picha ya retina yenyewe, kama tulivyoona, inamtambulisha mtu hata jina likiondolewa. Asiyekuwa na ruhusa asianze na picha za wagonjwa. Zipo picha za retina zilizotolewa hadharani kwa ajili ya kujifunzia.

Picha za utafiti wa Nakuru zilisomwa na wataalamu wa hospitali ya macho ya Moorfields, London. Kulandanisha hakuchukui nafasi ya msomaji wa namna hiyo, kunamwandalia meza. Picha mbili zikishalandana, njia nzuri ya kuzionyesha ni kuziweka mahali pamoja kwenye kioo na kuzibadilisha kwa kubonyeza kitufe kimoja, ya 2007, ya 2013, ya 2007, ya 2013. Duara la neva halitikisiki. Mishipa imetulia, kila panda mahali pake. Chini kidogo, upande wa kushoto, nukta moja nyekundu inatokea na kutoweka, inatokea na kutoweka, na daktari anainama karibu na kioo kuitazama.